Suti ya Saa 24

Koti nililipata Gikomba, Alhamisi moja asubuhi. Anayeijua Gikomba anajua mambo yote ni asubuhi. Robota likifunguliwa, zile nguo za kwanza, kamera, zinachukuliwa na wenye macho na wenye pesa, halafu sisi wengine tunabaki kuchakura hadi ifike fagia. Mimi pesa sikuwa nazo, lakini siku hiyo macho nilikuwa nayo. Koti la kijivu, sufu tupu, bitana haijapasuka popote. Muuzaji alianza na ngiri moja na mia tano. Tulivutana hadi mia nane.

Nilikuwa nalihitaji kwa sababu moja. Wenzangu niliojiunga nao chuo walikuwa wanafuzu mwezi ule. Mimi niliacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa. Rafiki yangu alinialika kwenye mahafali yake, na mama yake akasema nitakaa na familia hemani. Sasa, utaendaje kwa sherehe ambayo ingekuwa yako pia, na umevaa hudi? Sikutaka suti ya kujionyesha. Nilitaka tu watu wasinihurumie.

Nilipofika nyumba nikageuza mfuko wa ndani. Kulikuwa na kipande cha kitambaa cheupe kimeshonwa pale, na juu yake jina la mwanamume, ambalo sitalitaja, limeandikwa kwa wino. Chini ya jina: 5/68. Kwenye shingo, lebo ya duka la kushona: Nathan Road, Kowloon, Hong Kong.

Kitu kilichonishangaza ni kwamba wiki hiyo hiyo nilikuwa nimeahidiwa suti kutoka upande ule ule wa dunia. Binamu yangu hufuata mizigo Guangzhou, na Guangzhou kwenda Hong Kong ni kama Nairobi kwenda Nyeri. Alinitumia ujumbe wa sauti: "Nipatie vipimo tu, nikushonee suti huku. Ukisikia bei utacheka." Nilidhani ni janja mpya ya vijana wa mizigo. Kumbe watu wamekuwa wakishonewa suti za bei nafuu ng'ambo, tena pale pale, kabla mama yangu hajazaliwa.

Ndipo nikaanza kujiuliza: hiyo bei ya kuchekesha hutoka wapi?

*

Fundi wangu ana kibanda Umoja, chini ya ngazi za ploti, cherehani moja na redio moja. Nilimpelekea koti alibane kiunoni. Alilivuta, akalikunja kola, akalibonyeza kifua kwa dole gumba, kisha akanyamaza kidogo.

"Kijana, hii umetoa wapi?"

"Gikomba, mzee."

"Hii imeshonwa na mtu."

Nikacheka. Kwani nguo nyingine zinashonwa na nani? Hakucheka. Alifumua bitana pale chini, sentimita chache, akanionyesha. Makoti mengi tunayovaa, alisema, yamebandikwa: kitambaa cha nje na kile kigumu cha ndani vimeunganishwa kwa gundi na joto. Ukiyafua vibaya, au jua la Nairobi likiyapiga vya kutosha, gundi inaachilia na kifua kinafura kama chapati. Hili halikuwa na gundi. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichofumwa kwa sufu na nywele za farasi, kimeshikizwa kwa mkono, mshono juu ya mshono, mamia ya sindano ndogo ndogo ambazo kwa nje huzioni hata moja. Hiyo ndiyo hufanya koti lishike umbo la mwenyewe. Pia ndiyo hula saa nyingi. Kwa mafundi wa Savile Row, mtaa wa suti kule London, suti moja hula zaidi ya saa 50 za kazi.

Na Hong Kong ya miaka hiyo ilikuwa maarufu kwa jambo moja: suti kwa saa 24.

*

Hadithi hii haianzi Hong Kong. Inaanza Shanghai, bandari ambayo Waingereza waliifungua kwa nguvu baada ya vita vya kasumba, kwa mkataba wa 1842. Wazungu walipohamia walikuja na nguo zao, na nguo zikichakaa zinahitaji fundi. Mafundi waliojifunza kazi hiyo wengi walitoka Ningbo, mji wa jirani. Wachina waliwaita "kundi jekundu", kwa sababu wateja wao wa kwanza walikuwa wale wageni waliobandikwa jina la "nywele nyekundu". Kwa vizazi kadhaa kundi jekundu lilijua suti ya Kizungu kushinda Wazungu wengi. Mwanafunzi alikaa na bwana wake miaka mitatu au zaidi, mara nyingi bila mshahara, akianza kwa kufagia na kupasha pasi kabla hajakabidhiwa sindano.

Mei 1949 jeshi la Wakomunisti liliingia Shanghai. Matajiri walishatangulia kuondoka, na wateja wa suti ni akina nani kama si matajiri? Mafundi wakawafuata. Hong Kong, koloni la Mwingereza, ilikuwa na watu kama laki sita tu Wajapani walipoondoka mwaka 1945. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1950 walikuwa wamepita milioni mbili. Watu walilala kwenye vibanda vya mbao na mabati vilivyobebana juu ya vilima. Usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto ulipitia vibanda vya Shek Kip Mei na kuwaacha zaidi ya watu elfu 50 bila makao. Ukitaka picha yake, fikiria Mukuru ikiungua usiku mmoja.

Kwa hivyo fundi aliyekuwa mtu wa heshima Shanghai, mwenye duka na wanafunzi wake, sasa alikuwa mkimbizi anayelipwa kwa kipande. Koti moja, malipo ya koti moja. Hakuna koti, hakuna malipo.

Huo ni mguu wa kwanza wa ile bei ya kuchekesha: mkono wa miaka 20 ya ujuzi, kwa malipo ya mtu ambaye hana pa kurudi.

Mguu wa pili ni kitambaa. Hong Kong ilikuwa bandari huru. Ukiondoa vitu vichache kama pombe, tumbaku na mafuta, mzigo uliingia bila ushuru. Sufu ya Uingereza, ile ya viwanda vya Huddersfield, ilishuka melini na kuuzwa Kowloon bila serikali kuongeza kitu juu. Yeyote aliyewahi kutoa mzigo bandarini Mombasa anajua ushuru unavyoweza kugeuza bei ya shati ikawa bei ya mbuzi. Hawa walikuwa hawana hilo.

Mguu wa tatu ulikuja kutoka Sindh.

*

Mwaka 1947 Uingereza iliigawa India, na jimbo la Sindh likaangukia Pakistani. Wahindu wa Sindh, wengi wao wafanyabiashara, waliacha nyumba wakaondoka. Kabla ya hapo Wasindhi tayari walikuwa na maduka kwenye bandari nyingi za dunia, Hong Kong ikiwemo, kwa hivyo waliokimbia walikuwa na jamaa wa kuwapokea. Anayejulikana zaidi ni Hari Harilela, aliyezaliwa Hyderabad ya Sindh mwaka 1922. Yeye alikuwa Hong Kong tangu utotoni, biashara ya baba yake ilianguka, na yeye na ndugu zake wakawa watoto wa kuchuuza vitu barabarani. Baada ya vita ndugu hao waliingia kwenye kushona suti, wakishonea wanajeshi na kupokea oda za posta kutoka ng'ambo. Faida ile waliigeuza hoteli. Alipofariki mwaka 2014 alikuwa mmoja wa matajiri wakubwa wa Hong Kong.

Mpangilio wa maduka mengi ya Nathan Road ulikuwa huu. Mbele alisimama Mhindi, anayejua Kiingereza, anayejua mzaha, anayekuita barabarani kabla hujaamua unatafuta nini. Alikupima, akakuuliza mifuko mingapi, akakupa soda au bia, akakubaliana nawe bei. Nyuma, au ghorofa ya tano ya jengo lisilo na lifti, waliketi Wachina wa Shanghai na wanafunzi wao, wakikata na kushona. Mteja aliona tabasamu la mbele. Mikono ya nyuma hakuiona.

Wote wawili, wa mbele na wa nyuma, wengi walikuwa watu ambao mpaka ulichorwa upya wakajikuta upande mbaya. Sisi tunaita hilo "suti ya bei nafuu".

*

Mguu wa nne ni mteja, na mteja alikuja na vita.

Vita vya Korea vilianza 1950. Mei 1951 Umoja wa Mataifa ukaiwekea China vikwazo, na Hong Kong, iliyokuwa ikiishi kwa kupitisha mizigo ya China, ikabaki bila kazi. Ndipo ikageukia kutengeneza vitu yenyewe: mashati, maua ya plastiki, mawigi, suti. Halafu vikaja vita vya Vietnam. Mwanajeshi wa Marekani aliyetumwa Vietnam kwa mwaka mmoja alipewa likizo fupi ya kupumzika, kwa kawaida siku tano, nje ya nchi ile. Angeweza kuchagua Bangkok, Taipei, Singapore, Hong Kong na kwingineko. Mabaharia nao walishuka kutoka manowari zilizotia nanga bandarini na kujaa vichochoro vya Wan Chai.

Waza kidogo. Una miaka 20. Una mshahara wa miezi mfukoni kwa sababu msituni hakuna duka. Una siku tano, mbili zake utalala na kulewa. Hujui kama utafika mwisho wa mwaka. Halafu mtu anakuambia kwamba kwa pesa ambazo kwenu zinanunua suti ya dukani tu, hapa utapata suti mbili za kupimwa, za sufu ya Uingereza, na jina lako limeshonwa ndani. Ziwe tayari kesho jioni.

Utakataa?

Nadhani hicho ndicho kilikuwa kikiuzwa hasa. Suti ni nguo ya baadaye. Mtu hashonewi suti ya kuvaa vitani, anashonewa ya kuvaa akirudi: ya kazi, ya harusi, ya kuonekana na mama yake. Kijana akisimama kwenye kioo cha Kowloon na chaki mgongoni alikuwa anajiona nyumbani, mzima. Wengine walifika. Wengine, suti zilifika kwa posta na wao hawakufika.

Serikali ya Marekani yenyewe iliweka sharti moja. Raia wake walikatazwa kununua vitu vya China ya Kikomunisti, kwa hivyo bidhaa nyingi za Hong Kong zilihitaji cheti cha kuthibitisha asili yake. Ni Nixon aliyelegeza vikwazo hivyo mwaka 1971. Hapo ndipo nacheka peke yangu. Kitambaa kilihitaji kuthibitisha hakikutoka China, lakini mikono iliyokishona ilitoka Shanghai na hakuna aliyeiomba cheti.

*

Sasa saa 24 ziliwezekana vipi, kama suti moja inahitaji saa 50?

Fundi wangu alinieleza huku akifumua. Kwanza, kazi inagawanywa. Mmoja anakata, mwingine anashona koti, mwingine suruali, mwingine ni vitundu vya vifungo tu kutoka asubuhi hadi usiku. Watu wanne au watano wakifanya kwa zamu, saa zinajumlika. Pili, unaruka kujaribu. Suti ya kupimwa vizuri hujaribiwa mara mbili tatu ikiwa imeshikizwa kwa uzi mweupe, irekebishwe mwilini. Suti ya saa 24 ilijaribiwa mara moja, au ilisubiri pale kwenye stuli na wewe ukaipenda hivyo hivyo. Tatu, unabandika gundi mahali ambapo mteja hatafumua. Nne, hulali.

Ndiyo maana suti za Hong Kong zilikuwa na sifa mbili kwa wakati mmoja. Kuna waliozivaa miaka 30 na kuna waliosimulia mikono iliyong'oka kwenye ndege. Aliyekuwa na siku tano na akarudi dukani mara tatu alipata nguo. Aliyetaka ya kesho alipata ya kesho. Na aliyelipia tofauti hiyo mara nyingi alikuwa yule wa ghorofa ya tano, kwa usingizi wake. Mei 1967 mgogoro wa wafanyakazi kwenye kiwanda cha maua ya plastiki, San Po Kong, uligeuka kuwa ghasia za miezi mingi, mabomu yakatapakaa barabarani. Mwaka uliofuata ndipo koloni lilipopata Sheria ya Ajira. Tarehe ya koti langu ni Mei 1968. Kwa hivyo lilishonwa kwenye jiji ambalo lilikuwa limetoka tu kugundua kwamba wanaoshona nao huchoka.

Koti langu halikuwa la saa 24, mzee alisema. Yeyote aliyelivaa alirudi kujaribu. Sijui kama alikuwa mwanajeshi, mfanyabiashara au mtalii, na sitamtungia maisha.

*

Leo ukienda Nathan Road bado utaitwa: suti, boss, suti. Lakini kodi ya nyumba ilipanda, vijana wa Hong Kong hawakutaka kukaa miaka mitatu wakipasha pasi, na China ilipofungua mipaka na kuanzisha eneo la Shenzhen mwaka 1980, ushonaji mwingi ulivuka kwenda kule ambako mkono ni rahisi zaidi. Biashara yenyewe haikufa, ilihama tu. Bangkok wako Wahindi wa Sukhumvit. Vietnam, nchi ile ile ambayo wanajeshi walikuwa wakitokea, kuna Hoi An, mji wa kale ulioingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999, na leo barabara zake zimejaa mafundi wanaoshonea watalii kwa siku moja au mbili. Bei nafuu hufuata mahali ambapo kuna mkono hodari na mkono huo hauna chaguo kubwa.

Na sisi? Biashara Street iliitwa Indian Bazaar, na mafundi wa Kihindi walishona suti pale tangu Nairobi ikiwa mji wa reli. Eldoret tulikuwa na kiwanda cha sufu, Raymond. Kilifungwa, mitumba ikajaa, na sasa koti la 1968 linasafiri kutoka kabati la mtu fulani hadi Gikomba na bado ni rahisi kuliko kununua kitambaa kipya. Wakati huo huo tunaitaka suti kuliko wakati wowote. Novemba 2023 Spika Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni. Koti na tai ndiyo heshima, alisema mwenye kiti. Heshima hiyo itashonwa wapi, hilo halikuwa kwenye ajenda.

Nilimwuliza mzee kama anaweza kushona koti kama lile. Alijifunza miaka ya themanini, kwa fundi Mhindi hapo Biashara Street, na miezi sita ya kwanza alikuwa wa pasi tu.

"Naweza," alisema. "Wiki mbili. Lakini utanilipa ya Gikomba ama ya wiki mbili?"

Sikujibu. Alijua sina jibu, akaendelea kufumua.

Siku hiyo sikumtumia binamu vipimo. Si kwa sababu nimeokoka. Hata ile bei ya kucheka sikuwa nayo. Na kama ningekuwa nayo, pengine ningetuma, na mtu fulani Guangzhou angekesha. Ninachojua sasa ni swali la kumwuliza binamu, na wewe unaweza kulitumia ukipewa ofa kama hiyo: nitajaribu mara ngapi, ndani ni gundi au uzi, na nani anashona? Akishindwa na hilo la tatu, basi unajua bei imetoka wapi.

*

Koti lilikuwa tayari Jumamosi. Mzee alinitoza mia sita, akalibana kiuno, akapandisha mikono kidogo. Nikasimama mbele ya kioo chake kilichopasuka pembeni. Lilinikaa, ila kuna kitu.

"Bega la kulia," nikasema. "Liko chini."

"Nilikuwa nangoja uone," alisema. "Huyo mtu bega lake la kulia lilikuwa limeshuka kidogo. Aliyemshonea aliliona, akakata hivyo, ili kwa nje aonekane sawa. Kiuno nitakubania, mikono nitakukatia. Bega siwezi. Ukigusa bega umeharibu koti."

Mtu alisimama Kowloon miaka mingi iliyopita, na mkimbizi mmoja akatazama mwili wake kwa makini kiasi cha kuuficha kasoro yake. Huyo mwenye bega sijui kama yuko hai. Aliyeshona jina lake halikuandikwa popote.

Mahafali nilienda. Mama wa rafiki yangu aliniambia nimependeza, akataka kujua nimeshonewa wapi. Nikamwambia Hong Kong. Alicheka sana, akanipigapiga mgongoni, akanisukuma nisimame karibu na mwanawe kwa picha.

Kwenye picha hiyo wamevaa majoho wote isipokuwa mimi. Ukitazama vizuri utaona nimeshusha bega la kulia, kidogo tu, ili koti likae.